Viatu Nilivyovaa Siku ya Kupimwa Fimbo

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu hapa Tabora ambayo kila nikiikumbuka nasikia aibu mpya. Ni siku niliyokwenda kwa fundi kupimwa fimbo ya gofu. Najua unataka kucheka. Umezoea kuniona na bakora yangu nikijikongoja kwenda msikitini, huamini kwamba mzee huyu aliwahi kucheza gofu. Cheka, haki yako. Ukimaliza unisikilize, maana nilichokifanya siku ile nusura kimnyang'anye mtu mwema kazi yake na jina lake, na mtu huyo hakuwa amenikosea hata kidogo.

Nilikuwa karani wa reli, kijana wa miaka ishirini na mitatu, naishi na mama yangu mtaa wa Kanyenye. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, watu wanahamia vijiji vipya, kila mkutano ni wa kujenga taifa. Wazungu waliokuwa wakicheza gofu walikwisha kurudi kwao, uwanja wakatuachia sisi. Usiufikirie kama hivi viwanja vya kwenye televisheni vyenye majani laini. Wetu kiangazi ulikuwa vumbi, ng'ombe wakikatiza wanavyotaka, na pale penye shimo palimwagwa mchanga uliochanganywa na oili chafu ili upepo usiuchukue. Tulikuwa wachezaji kumi na kitu: makarani, walimu, mganga msaidizi wa hospitali ya Kitete, na mwenye duka mmoja Mwarabu aliyekuwa akicheza na kanzu yake ameipandisha kiunoni. Mama yangu aliuona mchezo wote ni wazimu. "Unakipiga kitu kiende mbali," alikuwa akisema, "halafu unakifuata mwenyewe kwa miguu. Si ungekiacha tu palepale?"

Mimi niliupenda, basi. Na katika fimbo zote za mchezo ule, niliyoipenda zaidi ni ile ya kuanzia, ndefu kuliko zote, yenye kichwa kinene cha mti, inayopeleka mpira mbali. Tuliiita draiva. Yangu niliirithi kwa Mzungu mmoja wa reli, na kichwa chake kilikwisha kupasuka, nimekifunga kwa waya. Kupata nyingine dukani ilikuwa ndoto. Miaka ile hata sabuni tuliipangia foleni, seuze fimbo ya kuchezea. Njia ilikuwa moja tu, kwenda kwa Fundi Sefu.

Fundi Sefu alikuwa seremala, mtoto wa mji, na karakana yake haikuwa mbali na kwetu. Zamani Wazungu walimpelekea fimbo zao zilizovunjika, akajifunza kuzitengeneza kwa kuzifungua na kuzitazama ndani. Kichwa alikichonga mwenyewe kwa mti mgumu wa porini, na mpini aliufanya kwa mkole, mti unaopinda bila kuvunjika. Lakini sifa yake kubwa haikuwa kuchonga. Sifa yake ilikuwa kupima. Hakumtengenezea fimbo mtu ambaye hakusimama mbele yake. Alikupima kutoka kifundo cha mkono mpaka chini, akakupima kiganja na vidole, halafu akakutazama ukipiga, kwa sababu mpini wa mtu mwenye nguvu huwa mnene na mgumu, na wa mtu wa nguvu za kawaida huwa mwembamba, unampindia kidogo, unamsaidia. Vipimo hakuviandika popote. Alifunga mafundo kwenye kamba ya katani, kamba moja kwa kila mtu, akazitundika ukutani bila majina. Ipi ilikuwa ya nani, alijua yeye peke yake.

Aliponiita nikapimwe alinitumia maneno mafupi: njoo na viatu unavyochezea. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Viatu vya mtindo wakati ule vilikuwa raizoni. Soli nene, kisigino kirefu. Ukivivaa unapanda juu vidole vinne. Ukivifunika na suruali ya bugaluu, ile iliyopanuka chini, havionekani kabisa, unaonekana mrefu tu. Wakubwa walivichukia, walisema ni uhuni. Mimi nililetewa vyangu na rafiki yangu kutoka Dar es Salaam, na nilikuwa na sababu ya kuvitaka. Mimi ni mfupi, mwanangu. Unaniona nimepinda ukadhani ni uzee. Hapana, hata kabla ya kupinda sikuwa mbali na ardhi.

Siku ile nilitoka nyumbani nimevaa raizoni, na raba zangu za kuchezea nimezitia kwenye mfuko. Nia yangu ilikuwa nikifika nibadilishe, nipimwe, kisha nivae raizoni zangu nirudi mjini. Nafika karakana, namkuta Zuhura amekaa kwenye benchi.

Zuhura alikuwa mwanafunzi wa uuguzi pale Kitete. Alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye jicho la kuona kila kitu. Nikiwa na miguu mitupu alinizidi kichwa kizima. Nilikuwa nampenda, na nilikuwa sijawahi kumwambia neno zaidi ya salamu. Alikuja kungojea kigoda cha mama yake kilichokuwa kikitiwa mguu mpya. Alipoinua macho na kutabasamu, mfuko ule wa raba nikauficha nyuma ya mgongo.

"Shikamoo, Fundi," nikasema.

"Marahaba, baba. Umekuja na viatu vya kuchezea?"

"Ndivyo hivi nilivyovaa."

Fundi Sefu akatazama miguu yangu. Akatazama mkono wangu ulioshika mfuko. Akamtazama Zuhura kidogo, akanirudia mimi.

"Hivi?"

"Hivi hivi, Mzee."

Akapiga goti, akaiweka kamba kwenye kifundo cha mkono wangu, akaishusha mpaka sakafuni, akafunga fundo. Nilijinyoosha kadiri ya uwezo wangu, mpaka shingo ikauma. Akapima kiganja. Kisha akanitoa uani, akanipa fimbo ya kujaribia aliyoipaka chokaa kwenye uso wa kichwa chake, ili aone mpira unagusa wapi, akaniwekea mpira wa matambara. "Piga mara kumi," akasema. "Piga kama siku zote, usijisumbue."

Benchi lilikuwa karibu na mlango wa uani. Zuhura aligeuka kutazama. Basi nikapiga kama mtu anayeua nyoka. Kila pigo nilizunguka mpaka mkanda ukanibana, jasho likanitoka, na pigo la nane nusura raizoni ziniangushe. Mpira mmoja ulipanda juu ya paa. Zuhura akacheka, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani anastaajabia nguvu zangu.

"Ndizo nguvu zako za siku zote?" Fundi akauliza.

"Na leo nimejizuia."

Akafunga fundo la mwisho kwenye kamba, akaitundika.

Fimbo ilikuwa tayari Ijumaa, na Jumamosi yake tulikuwa na wageni, wachezaji wa gofu kutoka Mwanza. Nilichaguliwa katika wanane wa Tabora, na kwangu lilikuwa jambo kubwa. Niliichukua fimbo baada ya sala, nikaenda nayo nyumbani, nikasimama nayo mbele ya kioo cha mama nikiwa na raizoni zangu. Ilikaa vizuri ajabu. Ilikuwa nzuri, mwanangu, imepakwa vanishi, inang'aa, na mpini mnene wa mtu mwenye nguvu. Sikuwa na muda wa kuijaribu uwanjani.

Jumamosi nikavaa raba, kwa sababu huwezi kutembea uwanja mzima wa gofu na raizoni. Utavunjika mguu kabla ya shimo la tatu. Nikasimama, watu wamejipanga, wageni wamenyamaza kwa adabu. Nikazungusha. Fimbo ikapiga chini nyuma ya mpira, vumbi likaruka, mpira ukajiviringisha hatua nne ukasimama. Nikajaribu tena kwenye shimo la pili. Mpira ukaenda kulia, mbali na uwanja, ukaingia kwenye shamba la mihogo, na mama mwenye shamba akatoka kunitazama. Ikawa hivyo siku nzima, ama vumbi ama mihogo. Tulishindwa, na kila mtu alijua ni kwa sababu ya nani.

Kiongozi wetu alikuwa Mwalimu Nassoro, mtu mpole. Akanivuta pembeni akaniuliza, "Kijana, una nini leo? Unaumwa?"

Hapo, mwanangu, Mungu alinipa nafasi ya kusema kweli, na nafasi yenyewe haikuwa ngumu. Ningesema, "Mwalimu, nilipimwa na viatu virefu." Angecheka, ningecheka, mambo yangekwisha. Lakini watu walikuwa wanasikiliza. Nikasema, "Si mimi, Mwalimu. Ni fimbo. Fundi Sefu kanipima vibaya. Uzee huo, macho yamekwisha."

Nililitamka lile neno la macho nikaona watu wanatikisa vichwa kwa huruma, nikafarijika. Nilikwenda nyumbani nikalala vizuri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nililala vizuri.

Neno la namna hiyo halikai uwanjani. Jumatatu lilikuwa kwenye mabenchi ya kahawa, Jumatano lilikuwa sokoni. Fundi Sefu haoni tena. Fundi Sefu amempa karani fimbo ya mtu mwingine. Wengine walimsikitikia, wengine walimfanyia dhihaka, na wote walikuwa wanarudia maneno yangu.

Kumbe kulikuwa na jambo nisilolijua. Upande wa Isikizya kulikuwa na kijiji kipya cha ujamaa, na wanakijiji walikuwa wamejenga shule kwa mikono yao. Watoto walisoma wamekaa kwenye magogo. Kamati ya shule ilikuwa imemchagua Fundi Sefu atengeneze madawati yote, na yeye alikuwa amewaambia hatatengeneza kwa kukisia. Atakwenda kuwapima watoto, wadogo wapate madawati mafupi, wakubwa marefu, mtoto asikae miguu inaning'inia. Mbao alikwisha kuzipanga nyuma ya karakana, zinakauka. Ilikuwa kazi ya mwaka mzima, kubwa kuliko zote alizowahi kupewa.

Habari hizo nililetewa na Zuhura. Alikuja kwenye dirisha langu pale stesheni, nikadhani anataka tiketi.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza, nikitabasamu kijinga.

"Siendi popote. Mjomba wangu ni Maganga, mwenyekiti wa ile kamati ya madawati." Akaniangalia usoni mpaka nikainama. "Wamesikia Fundi Sefu amekosea kumpima mtu mmoja mzima, wanauliza atawezaje kupima watoto wote wale. Juzi mjomba amekwenda mwenyewe kumuuliza. Unajua amejibu nini?"

"Amesema nini?"

"Amesema vipimo vya mteja wake hatavizungumza. Basi. Mjomba akamwambia, jitetee basi, Mzee. Yeye akaendelea na randa yake."

Nyuma yake palikuwa na watu wawili wanangoja tiketi kweli.

"Nilikuwepo siku ile," Zuhura akasema kwa sauti ndogo. "Niliona viatu, na mfuko nikauona. Ningeweza kumwambia mjomba. Lakini aliyepimwa si mimi. Kamati inakutana Jumamosi." Akajitanda kanga yake akaondoka.

Jioni hiyo nilikwenda kwa Fundi Sefu na raba zangu. Nakuambia ukweli, sikwenda kwa ushujaa. Nilikwenda nikitumaini atanisamehe kimyakimya, yeye na mimi tu, kisha atatafuta mwenyewe namna ya kuwaeleza watu wa kamati. Nikamkuta anapiga msasa kitanda cha mtoto.

"Fundi," nikasema, "fimbo haikuwa na kosa."

"Najua."

"Nilikudanganya viatu. Na zile nguvu hazikuwa zangu."

"Na hilo najua, baba. Nina miaka mingi natazama watu wakisimama. Mtu aliyezoea viatu vyake hakanyagi kwa kusitasita kama ulivyokuwa unakanyaga."

Nikakaa chini, pale pale kwenye takataka za mbao. "Sasa kwa nini hukuwaambia? Neno moja tu la raizoni na watu wote wangejua."

Akaweka msasa chini. Alikuwa na tabia ya kufikicha kidole gumba kwa kidole cha shahada akifikiri, kana kwamba anaonja ulaini wa mbao.

"Mtu akija kusimama mbele yangu nimpime," akasema, "ameniamini. Yuko ambaye mguu wake mmoja mfupi, hakuna ajuaye ila mimi na mkewe. Yuko mwenye bega limeshuka, namfichia kwenye kiti ninachomtengenezea. Nikianza kuwatangaza, kesho nani atasimama? Wewe umenitangaza mimi, sawa. Mimi siwezi kukutangaza wewe. Kazi yangu haina ruhusa hiyo."

Machozi yalinitoka, mwanangu, na sikuyafuta. Akanitazama, akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayempenda mtoto mjinga.

"Na mimi nina kosa langu," akaendelea. "Nilitakiwa nikurudishe nyumbani siku ile, nikwambie sipimi mpaka uvue. Nikakuonea haya mbele ya yule binti. Nikasema, atarudi kesho mwenyewe anieleze. Nikakungoja. Hukuja, kazi ikanibidi niimalize."

Kumbe alikuwa ameningoja! Wiki nzima alikuwa ananingojea nirudi nimwambie neno moja, na mimi nilipita mlangoni kwake kila asubuhi nikienda kazini, nikamwamkia kwa mbali.

"Nisamehe, Mzee."

"Nimekusamehe kabla hujafika. Lakini uongo wako hukuuacha kwangu, umeupeleka mbali. Huko mimi sifiki." Akachukua msasa wake. Hakuniambia nifanye nini, na wala hakunitajia kamati.

Jumamosi niliondoka kabla ya jua na baiskeli ya jirani, raizoni zimening'inia kwenye usukani, fimbo nimeifunga mgongoni. Njia ya mchanga, unasukuma zaidi ya unavyopanda. Nilifika wamekaa ndani ya darasa lisilo na milango, wanaume na wanawake, juu ya magogo ya watoto. "Mwangaluka," nikawaamkia kwa Kinyamwezi cha mama yangu, wakaitikia, wakanikaribisha. Maganga alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzito. Alipojua mimi ni nani, akakunja uso.

"Wewe ndiye uliyepimwa vibaya?"

"Mimi ndiye niliyedanganya, Mzee. Nimekuja kusema."

Nikasema yote. Viatu, mfuko, mapigo kumi, na kwa nini. Jina la Zuhura sikulitaja, nilisema palikuwa na msichana. Akina mama wakaanza kucheka kwa kuziba midomo. Lakini Maganga hakucheka.

"Juzi ulisema mzee haoni, tukakuamini," akasema. "Leo unasema anaona, tukuamini kwa lipi?"

Alikuwa na haki. Nikavaa raizoni mbele yao, nikasimama na ile fimbo, ikakaa sawasawa. Halafu nikavivua viatu, na soksi nikavua, nikasimama juu ya ule udongo na miguu mitupu. Suruali yangu ya bugaluu ikaniangukia ikafunika vidole, ikaburuzika chini. Mpini ukapanda ukanigusa tumboni. Mama mmoja mzee akashindwa kujizuia, akasema kwa sauti, "Kumbe kafupi hivi!" Darasa zima likalipuka, na Maganga mwenyewe akacheka mpaka akashika kiuno, na mimi nikasimama pale katikati, mfupi kama nilivyozaliwa, nikasikia kifua kimefunguka.

Maganga akanyanyuka, akaipima tofauti kwa vidole vyake, na soli ya kiatu akaipima. Vidole vinne hapa, vidole vinne pale. Akawaonyesha wenzake. "Mzee hakukosea hata unywele," akasema. "Alipima alicholetewa." Hawakuketi tena kujadili. Waliniambia nikirudi mjini nimpelekee Fundi salamu, na nimwambie watoto watakuwa tayari kupimwa siku yoyote atakayotaka, na kwamba watasimamishwa bila viatu. Wala viatu vyenyewe hawakuwa navyo.

Usidhani kila kitu kilinyooka. Mwalimu Nassoro aliniondoa katika wanane, na safari ya kwenda Mwanza kurudisha mchezo walikwenda wenzangu. Mjini niliitwa Raizoni kwa miaka, hata wajukuu wa rafiki zangu walikuwa wakiniita hivyo bila kujua asili yake. Na Zuhura hakuolewa nami, usianze kutabasamu. Aliolewa na mwalimu wa Nzega, mrefu kama nguzo ya simu, na mimi nilikula pilau ya harusi yao vizuri sana. Tunaheshimiana mpaka leo, yeye na mimi.

Fimbo ile Fundi Sefu aliifungua, akaniambia nisimame. Nilisimama na raba. Nilipiga mapigo kumi ya kivivu, ya mtu aliyetoka kazini amechoka, yaani ya kwangu. Akaukata mpini, akauchonga ukawa mwembamba mpaka nikaona haya kuutazama. Nilipoipiga mara ya kwanza uwanjani, sikusikia mshtuko wowote mikononi. Mpira ulinyanyuka polepole ukaenda katikati, haukwenda mbali kuliko wa wenzangu, lakini ulikwenda nilikotazama. Nilicheza nayo miaka kumi na tano. Sijawahi kuwa na kitu kilichonifaa kama kile.

Madawati yale yapo mengine hadi sasa. Fundi Sefu aliyamaliza yote, akaishi miaka mingi baada ya hapo, na siku za mwisho macho yake yalikwisha kweli, nami nikawa namshika mkono kumpeleka msikitini. Hakuwahi kunikumbusha nilivyosema.

Alipofariki walitafuta mtu wa kumpima, ili wachimbaji wajue urefu wa kaburi. Wanawe walikuwa wanalia, wakaniambia, wewe ndiye uliyekuwa karibu naye. Nikaingia ndani na ufito. Nikamkuta amelazwa, kanzu imevuliwa, amefunikwa shuka. Mwanangu, kwa heshima niliyokuwa nayo kwake sikutambua mpaka siku ile kwamba mtu yule niliyemwona mkubwa maisha yangu yote alikuwa mfupi kuliko mimi. Nilipima mara tatu. Nilipotoka watu waliniuliza, ana kimo gani mzee wetu? Sikuwajibu. Nilikwenda kwa mchimbaji, nikampa ufito mkononi mwake, basi.

Leo kimo chake nimekuambia wewe, na huenda nimekosa. Nimekuambia kwa sababu nakupenda, na nakuona umefika umri wa kupimwa. Utapimwa na mwalimu, utapimwa na bwana wa kazi, utapimwa na wakwe. Daktari atakuuliza unakula nini na unalala vipi. Mwenzio wa ndani atakupima kila siku. Simama mbele yao kwa miguu yako mwenyewe. Sema nguvu zangu ndizo hizi, uoga wangu ndio huu, hiki nakiweza na kile sikiwezi. Utaona haya kidogo, dakika moja tu, halafu utapewa kinachokufaa. Ukijirefusha watakutengenezea maisha ya mtu mwingine, na utayabeba wewe. Na ikitokea umejirefusha, maana sote tunajirefusha, usimtupie lawama aliyekupima kwa uaminifu. Rudi kwake mapema. Huenda yuko mlangoni anakungoja, na wewe unampungia mkono ukipita. Na siku utakapopewa wewe kazi ya kupima wengine, ukaona upungufu wa mtu, ufunge mdomo wako.

Mungu akupe watu wa kukupima kwa upole, mwanangu, na akupe moyo wa kuvua viatu mbele yao. Akusitiri kama Fundi Sefu alivyonisitiri mimi. Na siku ya mwisho, atakapoingia mtu na ufito kukupima wewe, awe ni mtu anayekupenda. Amina.